Madhara na makosa ya dawa: uyaandike kwenye kaunta buku, jedwali la kompyuta au mfumo wa wagonjwa?

Mama wa miaka 58 anafika zahanati Mbagala na kikohozi kikavu. Anapewa dawa ya maji ya kikohozi. Wiki mbili baadaye kikohozi kipo palepale, anaandikiwa amoksilini. Mara ya tatu anapimwa makohozi, jambo ambalo ni sahihi kwa kikohozi cha muda huo, na majibu yanatoka safi. Anayemhudumia siku hiyo hajui kwamba miezi miwili nyuma mama huyu alianzishiwa enalapril ya presha, wala kwamba aliwahi kusema pale dirisha la dawa, "Nesi, tangu nianze hivi vidonge koo linaniwasha usiku kucha." Muuguzi alisikia vizuri. Tatizo ni kwamba hapakuwa na mahali pa kuandika neno lile ambapo daktari wa leo angelikuta.

Kikohozi cha enalapril, captopril na ndugu zao kinajulikana. Hutulia ndani ya wiki chache baada ya kuacha dawa, na mgonjwa huhamishiwa dawa ya kundi jingine kama losartan. Kilichokosekana hapa ni maandishi tu. Zahanati nyingi za Dar es Salaam zimeshakubali kwamba lazima yaandikwe, ila zimekwama kwenye swali la chombo: kaunta buku, jedwali la kompyuta, au mfumo wa kielektroniki wa kumbukumbu za wagonjwa? Hapa tunavipima vyote vitatu kwa vigezo vilevile.

Mambo mawili yenye wasomaji wawili

Madhara ni pale dawa sahihi, kwa dozi sahihi, inapomletea mgonjwa shida. Wagonjwa wetu husema "dawa ilinikataa" au "nina aleji na sulfa". Kosa ni pale kazi yenyewe inapokwenda kombo: cheti kimeandikwa vibaya, jina limenakiliwa vibaya, chupa isiyo yake imetolewa dirishani, sindano imechomwa kwa mtu mwingine, au dawa inayohitaji kipimo imeendelea bila kipimo. Kosa ni kosa hata kama mgonjwa hakudhurika, na hata kama lilishikwa kabla dawa haijatoka mlangoni.

Tofauti hiyo ina uzito kwa sababu kila rekodi ina msomaji wake. Rekodi ya madhara inatakiwa kumfuata mgonjwa popote anapoandikiwa dawa tena. Rekodi ya kosa inatakiwa kubaki na timu, isomwe kikaoni, ibadilishe namna chupa zinavyopangwa rafuni. Mkiviweka vyote kwenye safu moja bila kutenganisha, kimoja kitamezwa na kingine, na mara nyingi kinachomezwa ni makosa.

Fomu ya njano haimo kwenye mashindano haya

Chombo chochote mtakachochagua, taarifa ya madhara inatakiwa kufika Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Watoa huduma hutumia fomu ya njano, wananchi wana fomu ya kijani, na mamlaka inapokea taarifa kwa njia ya mtandao pia. Tanzania ni mwanachama wa mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kufuatilia usalama wa dawa tangu 1993, na taarifa za nchi wanachama hukusanywa kwenye hazina iliyoko Uppsala, Uswidi. Taarifa moja ya Manzese inaweza kuwa kipande kilichokuwa kinakosekana.

Ili taarifa ihesabike inahitaji vitu vinne tu: mgonjwa anayetambulika (herufi za mwanzo za jina, umri na jinsia vinatosha), mtoa taarifa anayetambulika, dawa inayoshukiwa, na kilichotokea. Huhitaji kuthibitisha kwamba dawa ndiyo chanzo. Kipo kipimo cha Naranjo cha 1981 chenye maswali 10 na ipo mizani ya Shirika la Afya Duniani, lakini uzito wa ushahidi hupimwa baadaye. Shaka ya kweli inatosha kujaza fomu. Kifo, hatari kwa maisha, kulazwa au kuongezewa siku za kulazwa, ulemavu, au mtoto kuzaliwa na kasoro: hayo yaende siku hiyohiyo.

Kwa hiyo chombo cha kituo kinabeba kazi mbili. Kinamkinga mgonjwa na kuifundisha timu, na pia kinatunza maelezo ambayo fomu itayahitaji: jina la dawa, nguvu, njia, namba ya toleo, tarehe ya kuanza, tarehe ya dalili, dawa nyingine alizokuwa anatumia, na hali yake baada ya kuacha.

Vigezo

Tunaangalia kasi ya kuandika foleni ikiwa imefika nje. Uwezo wa kumwonya anayeandika dawa siku mgonjwa akirudi. Urahisi wa kuhesabu na kuona mfululizo. Siri ya mgonjwa pamoja na uhuru wa mfanyakazi kukiri kosa. Na mwisho gharama, na kile kinachoharibika kwanza. Kigezo cha pili tunakipa uzito kuliko vingine vyote. Vingine kila kituo kivipime kwa hali yake.

Kaunta buku

Kasi. Hakuna kinachoishinda, mradi ikae pale kosa linapoonekana, yaani dirisha la dawa, na kalamu imefungwa kwa kamba. Ikifungiwa kabatini kwa mganga mfawidhi, haitaandikwa. Piga mistari mapema, kurasa za mbele kwa madhara, za nyuma kwa makosa. Upande wa madhara: tarehe, namba ya faili, dawa na nguvu yake, namba ya toleo, kilichotokea, muda tangu dozi ya kwanza, hatua, tarehe ya kutumwa TMDA. Upande wa makosa: tarehe, namba ya faili, hatua ya kazi lilipotokea, kilichokusudiwa, kilichofanyika, lilivyogundulika, sababu, daraja.

Tatizo la kaunta buku ni uvivu wa sentensi. "Mtoto alizidishiwa Panadol" haimfundishi mtu chochote. Mstari unaofaa unasomeka hivi:

"Faili 2217, mtoto, kilo 12. Parasetamo ya maji. Ilikusudiwa 180 mg. Lebo: kijiko kimoja na nusu (7.5 ml) kutwa mara nne. Chupa iliyotoka ni ya 250 mg kwa 5 ml badala ya 120 mg kwa 5 ml. Amepata 375 mg kwa dozi, dozi 3. Mama amerudi kuuliza kwa nini chupa si kama ya mwanzo. Dawa imesimamishwa, mtoto amepelekwa hospitali kuchunguzwa ini. Sababu: chupa za nguvu mbili rafu moja, lebo iliandikwa kabla chupa haijashikwa. Daraja D."

Hesabu iko wazi: 375 mg kwa kilo 12 ni takriban 31 mg kwa kilo, wakati iliyokusudiwa ni 15. Kwa mara nne kwa siku mtoto angevuka kwa mbali kikomo salama. Na suluhisho limo ndani ya mstari wenyewe: tenganisha rafu, shika chupa kwanza, andika lebo baadaye. Daraja linatokana na mizani ya baraza la Marekani la NCC MERP, ambapo A ni mazingira yanayoweza kuzaa kosa, B ni kosa lililoshikwa kabla halijamfikia mgonjwa, C limemfikia bila kumdhuru, D limehitaji uangalizi, E hadi H ni madhara yanayozidi kupanda, na I ni kifo. Bandikeni herufi hizo ndani ya jalada.

Kumwonya anayeandika dawa. Hapa kaunta buku inashindwa kabisa ikiachwa peke yake. Daktari aliye chumba namba 2 hawezi kufunua kurasa 80 kabla ya kuandika Septrin. Suluhisho ni kazi ya ziada yenye sekunde chache: kila mstari wa madhara unakwenda pia juu ya jalada la faili na kwenye kadi anayotembea nayo mgonjwa, kwa kalamu nyekundu. Na uandike kundi, usiishie kwenye jina. Mwanamke aliyepata upele, vidonda vya mdomo na macho mekundu kwa Septrin, kadi yake ikisema "aleji ya Septrin" tu, anaweza kufika kliniki ya wajawazito akapewa SP, dawa ya kuzuia malaria, ambayo nayo ina sulfa ndani yake. Andika: "SULFA, asipewe Septrin wala SP." Wakazi wa mji huu hutibiwa Temeke leo, famasi ya Kariakoo kesho; kadi mkononi ndiyo inayosafiri nao.

Kuhesabu. Kwa mkono, mwisho wa mwezi. Kwa mistari michache inawezekana. Ikizidi ishirini kwa mwezi, hesabu huanza kurukwa.

Siri na kukiri. Kaunta buku ya dirishani inasomwa na kila apitaye, kwa hiyo namba ya faili iandikwe na jina lisiandikwe. Jina la mfanyakazi aliyekosea lisionekane popote. Kinachotakiwa ni hatua ya kazi. Siku mwajiri atakapotumia ukurasa ule kumkata mtu mshahara, makosa yataacha kuandikwa na yataendelea kutokea.

Gharama na kinachoharibika. Bei ni ndogo. Huloa mvua za masika paa likivuja, hupotea wakati wa kuhama jengo, na mwandiko hugoma kusomeka. Pigeni picha kurasa za mwezi na mzihifadhi kwenye kompyuta au simu ya kituo, simu ya mtu isitumike.

Inamfaa nani. Zahanati ya chumba kimoja au viwili, umeme wa kubahatisha, wafanyakazi wanaojuana.

Jedwali la kompyuta

Kasi. Inategemea kompyuta iko wapi. Ikiwa ni ile ya mapokezi inayoshughulikia bima, utasubiri sana. Vituo vinavyofanikiwa huandika kwanza kikaratasi dirishani, kisha mtu mmoja anaingiza kila jioni. Vikaratasi vya wiki nzima vikisubiri Jumamosi, nusu vitakuwa vimepotea.

Kumwonya anayeandika dawa. Sawa na kaunta buku, yaani haliwezi lenyewe. Jedwali liko kwenye kompyuta ya ofisini na mgonjwa yuko mbele ya daktari. Kalamu nyekundu juu ya faili inabaki lazima. Tunalisisitiza hili kwa sababu kompyuta huwapa watu utulivu wa bure, wakaacha kuandika kwenye kadi.

Kuhesabu. Hapa ndipo jedwali linapong'ara. Mstari mmoja kwa tukio moja, safu moja kwa jambo moja, na majina ya dawa yachaguliwe kwenye orodha badala ya kuandikwa kwa mkono, la sivyo mtapata "ALU", "Alu", "dawa mseto" na "artemether lum" kama dawa nne tofauti. Tarehe ziwe na mwezi kwa herufi, maana 04/03 kompyuta moja itaisoma Machi na nyingine Aprili. Safu ya nguvu ya dawa itenganishwe na safu ya jina. Mkishafuata hayo, muhtasari wa mwezi kwa dawa, kwa hatua ya kazi na kwa daraja hutoka kwa kubofya mara chache.

Lakini msome namba kwa akili. Watu sita waliotapika kwa dawa mseto hawana maana mpaka ujue ni wangapi walipewa mwezi huo. 6 kati ya 40 si sawa na 6 kati ya 400. Na idadi ikipanda miezi ya mwanzo, ujue watu wameanza kuandika. Mganga mfawidhi anayefoka kwa sababu "makosa yameongezeka" anaua kazi nzima kwa dakika moja.

Kwa mfululizo wa makosa, tazameni sana majina yanayofanana: carbimazole na carbamazepine, prednisolone na propranolol, chlorpromazine na chlorpropamide. Tazameni pia mwandiko wa "1x3". Wengi wetu tunaisoma kidonge kimoja kutwa mara tatu. Mgonjwa anayejisomea mwenyewe anaweza kumeza vitatu kwa mkupuo. Jedwali likionyesha mara tatu ndani ya miezi miwili kwamba kosa limeanzia kwenye bahasha, amri ni moja: andikeni maneno, "asubuhi 1, mchana 1, usiku 1".

Siri na kukiri. Nenosiri ni lazima, na nakala moja tu iwe hai. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawahusu hata ninyi wenye kompyuta moja. Uzuri wa jedwali ni kwamba ukurasa wa makosa unaweza kufungwa peke yake, aione mfawidhi na mfamasia tu, na kikao kikapewa muhtasari usio na namba za faili.

Gharama na kinachoharibika. Huhitaji kununua programu ghali. Adui ni flashi yenye virusi, nakala nne zenye majina "mwisho", "mwisho2", na mfanyakazi mmoja anayejua kulitumia ambaye akiondoka linakufa naye. Wafundisheni wawili tangu mwanzo.

Linamfaa nani. Kliniki yenye kompyuta ya kudumu na mtu anayependa hesabu, au mmiliki wa matawi mawili matatu anayetaka kulinganisha Sinza na Tegeta.

Mfumo wa kielektroniki wa wagonjwa

Kasi. Kwa madhara, nzuri, kwa kuwa faili la mgonjwa limeshafunguliwa. Kwa makosa, mbaya mara nyingi, kwa sababu mifumo mingi imejengwa kwa ajili ya kutibu na kutoza, na haina mlango wa kuripoti kosa.

Kumwonya anayeandika dawa. Hiki ndicho chombo pekee kati ya vitatu kinachoweza kusimama katikati ya kalamu na mgonjwa. Kinaweza, hakifanyi hivyo lazima. Kijaribuni kabla ya kukiamini. Tengenezeni mgonjwa wa majaribio, mwandikieni mzio wa penisilini, kisha jaribuni kumwandikia amoksilini, halafu Ampiclox, zote mbili za kundi la penisilini. Kama onyo limetokea kwa moja tu, mfumo unatambua jina na hautambui kundi. Kama halijatokea kabisa, sehemu ya mzio ni maandishi ya kawaida tu yasiyounganishwa na dawa. Rudieni kwa Septrin na SP. Fanyeni jaribio hilo pia pale dirisha la dawa, kwani wakati mwingine onyo linatokea kwa daktari peke yake.

Shida ya pili ni takataka. Mgonjwa anasema "ile dawa ilinichafua tumbo", mtu anabofya mzio, na tangu hapo kila daktari anakwepa kundi zima la dawa nzuri. Huko Marekani imeonekana kwamba wengi mno wenye alama ya mzio wa penisilini, zaidi ya tisa kati ya kumi, wakipimwa hukutwa hawana. Kwa hiyo kila mara andikeni alichokipata: upele wa kuwasha ndani ya saa moja, midomo kuvimba, kupumua kwa shida, au kuharisha tu. Kichefuchefu kiandikwe kama kutovumilia. Na "hakuna mzio" isijazwe mpaka mgonjwa aulizwe. Swali linalofungua kinywa si "Una aleji?" Muulize, "Mama, kuna dawa yoyote uliyowahi kunywa ikakusumbua?"

Onyo likilia kwa kila jambo dogo, watu hulizima bila kusoma. Mwombeni mtaalamu wa mfumo abakishe makali kwa yale mazito.

Kuhesabu. Inategemea kama taarifa imeingizwa kwa orodha au kwa maelezo huru. Kabla ya kulipia, mwambieni muuzaji awatolee mbele yenu orodha ya wote wenye mzio wa sulfa.

Siri na kukiri. Kwa madhara, salama, kila aingiaye anaacha alama. Alama hiyohiyo ndiyo inayowaogopesha watu kukiri makosa. Wekeni sanduku la vikaratasi visivyo na jina pembeni ya mfumo, na kwenye faili la mgonjwa andikeni ukweli wa kitabibu tu: alipewa nini, kiasi gani, amefanyiwa nini. Mgonjwa naye aambiwe.

Gharama na kinachoharibika. Umeme ukikatika, mtandao ukilala, mnarudi kwenye karatasi. Karatasi za siku ile ziwe na mtu mwenye jukumu la kuziingiza kesho yake.

Unamfaa nani. Polikliniki na vituo vya afya vyenye vyumba kadhaa, ambako anayeandika leo hakumwona mgonjwa jana.

Kundi la WhatsApp hatukuliweka kwenye orodha ingawa vituo vingi vinalitumia. Linafaa kupiga kengele, "toleo fulani la sindano lina chembechembe, lisitumike". Kama kumbukumbu halifai: baada ya wiki tatu huoni kitu, na picha za vyeti vyenye majina zinabaki kwenye simu za watu walioacha kazi.

Kwa hali yako

Mko wawili hadi wanne, hakuna kompyuta: kaunta buku dirishani na kalamu nyekundu kwenye kadi. Fomu za njano zikae ndani ya jalada lake.

Mna kompyuta moja inayogombaniwa: kikaratasi, kisha jedwali kila jioni. Kama hakuna wa kuingiza kila jioni, bakini na kaunta buku, itawatendea vizuri zaidi.

Ni duka la dawa muhimu: kaunta buku ndogo ya madhara, mgonjwa mwenye dalili nzito aelekezwe kituoni mara moja akiwa na boksi la dawa mkononi, ili namba ya toleo isipotee.

Ni kituo cha serikali chenye GoTHoMIS au mfumo mwingine mliopangiwa: madhara ndani ya mfumo, makosa kwenye kaunta buku, na mfamasia wa manispaa aulizwe fomu zinapokelewa vipi.

Mna mfumo uliofeli jaribio la Ampiclox: madhara yaingizwe humo hata hivyo, lakini msitegemee onyo. Rudisheni kadi yenye wino mwekundu mpaka mtengenezaji arekebishe, kisha mjaribu tena kwa mgonjwa yuleyule wa majaribio.

Mnahama kutoka karatasi kwenda mfumo: hamisheni kwanza mizio mizito ya faili zote zinazotumika, kabla ya historia nyingine yoyote. Kila faili likirudi mikononi, mtu asome jalada lake, aulize mgonjwa upya, aingize, atie alama ya vema na tarehe kwenye kona. Kaunta buku ya zamani isitupwe mpaka kila mstari wake wa madhara uwe na alama hiyo.